Jino Hupigwa Msasa kwa Lugha Gani?

Wengi hudhani kwamba kazi ya kuziba jino hukoma pale tundu linapojaa. Sivyo. Resini yenye rangi ya jino hutiwa kwa matabaka, aghalabu yasiyozidi milimita 2, na kila tabaka hugandishwa kwa mwanga wa buluu. Hapo ndipo huanza kazi ambayo mgonjwa huidhania kuwa mapambo tu: kupunguza kilichozidi, kuchonga umbo, kulainisha na kung'arisha.

Ukingo uliochomoza karibu na ufizi hunasa utando wa bakteria, nao ufizi huvimba na kutoka damu. Kizibo kikizidi kimo, hata kwa unene wa karatasi, jino hilo huweza kuelemewa wakati wa kutafuna, likauma, au kizibo kikapasuka.

Ili kukipima kimo hicho, daktari humwumisha mgonjwa karatasi ya rangi, kisha hupunguza pale palipoachwa alama nzito. Lakini karatasi haisemi yote. Mwenye kuhisi ni mgonjwa, na hapa ndipo sisi wanaisimu tunapopata la kusema. Aghalabu swali huwa, "Iko sawa?" Mtu ambaye mdomo wake ungali na ganzi, tena anayemstahi daktari, atajibu nini ila "Sawa, daktari"? Laiti angeulizwa, "Je, jino hili latangulia mengine kugusana?" angefunga kinywa tena, ajichunguze. Kitenzi hicho kimoja, kutangulia, chatenda kazi ambayo "sawa" haiiwezi kamwe.

Wanaodai kuwa Kiswahili hakina istilahi za kazi hii na waende kwa seremala. Msasa ni mti wenye majani yakwaruzayo, ambayo mafundi waliyatumia kulainishia mbao. Jina likahamia kwenye karatasi ya dukani, na siku hizi hata walimu "hupigwa msasa" warshani! Visahani vya daktari, vitumiwavyo kuanzia chenye chembe kubwa hadi chenye chembe ndogo kabisa, ni msasa vilevile.

Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unataka matumizi ya zebaki katika kuziba meno yapunguzwe, kwa hivyo resini itazidi kuingia vinywani mwetu. Wanafunzi wetu wa udaktari wa meno hufunzwa stadi hizi kwa Kiingereza, kisha hukabidhiwa wagonjwa wanaoumwa kwa Kiswahili. Saa chache za kuwazoeza kuuliza maswali hazingeielemea silabasi yao.

Kwa sasa, msomaji, ganzi ikiisha jioni ukahisi kwamba jino linatangulia, rudi kwa daktari umwambie hivyo hivyo. Kulipunguza ni kazi ya dakika chache.