Muulize Mama Kwanza

Mama mwenzangu, picha ya arusi ya wazazi wangu ni nyeusi na nyeupe. Tulipotengeneza bango la jubilei yao, kijana wangu aliitia rangi kwa kompyuta. Kitambaa cha mama kichwani kikatoka buluu. Mama, mwenye mtoto wa jicho, akalisogeza bango karibu na uso. "Mwanangu, kilikuwa chekundu. Alinipa bibi yako."

Kompyuta hukisia tu. Picha zile hutunza mwanga na kivuli. Nyekundu na buluu zaweza kutoka kijivu kile kile. Tulirekebisha. Ile ya asili usiiguse, tumia nakala. Na umwulize mama mapema. Sisi wauguzi tunaona kumbukumbu zinavyoondoka. Suti ya baba? Bado wanabishana.