Paka anasingiziwa bure!

Niko Great Barr, Birmingham. Msimu wa kuwinda fezanti hufunguliwa Oktoba mosi.

Jirani yangu, mzee wa Kiingereza, kila siku ananilalamikia kuwa ndege wa kwao wanakwisha, na lawama zote kwa paka. Nikamwuliza: mzee, na fezanti je? Asili yake Asia. Kwa makadirio ya 2018, Uingereza iliachia porini fezanti wa kufugwa milioni 31 hivi, na kwale wa miguu myekundu milioni 9, eti watu wapate shabaha!

Kwale wa kijivu, mwenyeji, amepungua zaidi ya asilimia 90 tangu 1970. Sawa, dawa za mashambani ndizo zilizoanza kummaliza. Lakini likifyatuliwa kundi la wageni, naye huanguka humo humo.

Unguja tuliletewa kunguru wa India miaka ya 1890 wale taka, wakala na makinda ya ndege wetu. Tukajuta. Wenzetu wanaongeza kila mwaka! Tangu 2021 leseni inatakiwa karibu na hifadhi maalumu tu, mita 500. Jamani, ndege ana mabawa! Wapunguze idadi.

Nawasilisha.