Barua kutoka Ughaibuni: Mtoko wa Pauni 20

Huku kwetu Reading, mji mkubwa wa kaunti ya Berkshire, magharibi mwa London, baridi imeanza kufunga virago. Jumapili ya mwisho ya Machi saa husogezwa mbele, jioni inarefuka, miti inaanza kuvaa majani, na kila mzazi anaulizwa swali lile lile: "Mama, wikiendi tunaenda wapi?"

Ukilisikia unaona ni swali dogo tu. Nyumbani kwangu swali hilo nusura litutoe roho. Leo nawapa siri ya ndani, halafu nawapa na ramani, kwa sababu najua wengi wenu mna ndugu huku, na wengine mko njiani kuja.

Mimi kazi yangu ni kutunza wazee, zamu za mchana. Baba watoto anabeba maboksi usiku. Yeye akirudi, mimi natoka. Tulikuwa tunakutana mlangoni kama makondakta wanaopokezana daladala: "Wamekula?" "Wamekula." "Haya." Basi. Siku moja binti yetu wa miaka 5 akaleta mchoro kutoka shule. Waliambiwa wachore familia. Mama yupo, kaka yupo, yeye mwenyewe yupo na gauni la pinki. Baba yuko kitandani, blanketi mpaka kichwani, imebaki miguu tu nje. Tulicheka. Usiku wala sikucheka tena.

Tukafanya kosa wanalolifanya wengi wetu huku: tukataka kununua muda kwa hela. Likizo ya Pasaka ya mwaka jana tukawapeleka watoto kwenye bustani moja kubwa ya michezo, jina nalihifadhi. Tiketi, maegesho, chipsi, soda, na yule mdoli ambaye binti aligoma kuondoka bila yeye. Jumla, pauni 186. Foleni dakika 70 kwa mchezo wa dakika 2. Halafu mvua ikatumwagikia kama ilikuwa na ahadi na sisi.

Kwenye gari kimya. Nikashindwa kuvumilia: "Hela yote ile." Akanijibu bila kugeuka: "Kwani nani alitaka kwenda?" Jamani! Usiku ule yakatoka mambo yasiyohusiana kabisa na pembea. Nani anachoka zaidi. Kwao nani wanatumiwa zaidi. Mwezi ule mama mkwe alipokea nusu ya anachopokea siku zote. Tukakaa siku tatu bila kusemeshana, na kwa zamu zetu zile ilikuwa rahisi mno. Huo urahisi ndio ulionitisha.

Siku ya nne nikakuta karatasi kwenye mlango wa friji, mwandiko wake: "Mama watoto, tujaribu hivi. Kila tukipata siku ya mapumziko pamoja, tunatoka. Pauni 20 familia nzima. Nauli, chakula, kila kitu. Ikiisha, tunarudi nyumbani." Nikamuuliza, pauni 20 kwenye Uingereza hii? Akasema, "Tuone."

Tukaona.

Ukianza na mvua, anza mjini

Machipuko ya huku yana vituko. Asubuhi jua, saa sita mvua, saa nane jua tena. Kwa hiyo mtoko wetu wa kwanza hatukutoka hata nje ya mji. Reading Museum hawatozi kiingilio. Humo ndani kuna nakala kamili ya lile pambo maarufu la Bayeux linalosimulia jinsi Wanormani walivyoivamia Uingereza mwaka 1066. Lina urefu wa karibu mita 70, limedariziwa kwa mkono na wanawake 35 na zaidi, na likakamilika mwaka 1886. Sasa sikia: kwenye lile la asili kuna watu kadhaa wako uchi. Kwenye nakala ya Reading wamestiriwa nguo za ndani, maana zama zile za Malkia Victoria watu walikuwa na haya. Kijana wangu wa miaka 9 alizunguka ukumbi mzima akitafuta chupi. Historia imemwingia kuliko mwaka mzima wa darasani.

Mvua ilipokatika tukatembea dakika chache tu mpaka bustani ya Forbury, penye sanamu kubwa ya simba aliyewekwa mwaka 1886 kukumbuka askari wa Berkshire waliokufa vitani Afghanistan. Pembeni yake ndiyo magofu ya abasia ya Reading, iliyoanzishwa na mfalme Henry wa Kwanza mwaka 1121, naye akazikwa humo humo. Kuingia bure. Watoto wanajificha nyuma ya kuta za mawe za miaka 900, wewe unakunywa chai yako ya kwenye chupa. Ukuta wa jirani ni wa gereza la zamani, ndilo alilofungwa mwandishi Oscar Wilde mpaka mwaka 1897.

Tulitumia nauli ya basi na koni mbili za aiskrimu. Nikaanza kuiheshimu ile karatasi ya kwenye friji.

Maua ya bluu na miguu ya baba

Mwisho wa Aprili mpaka katikati ya Mei, misitu ya huku hufanya jambo ambalo sijaliona kwingine. Chini ya miti panageuka bluu ya zambarau, kama mtu amemwaga rangi. Ni maua ya bluebell. Sisi tulipanda treni mpaka Pangbourne, kituo cha pili tu kutoka Reading ukielekea Oxford, tukatembea mpaka kwenye msitu wa akiba wa Moor Copse, kando ya mto Pang. Hakuna kiingilio. Ila kuna adabu zake: kaa kwenye njia, maana majani ya ua hilo yakikanyagwa mmea unadhoofika, na kung'oa mizizi yake porini ni kosa la jinai. Piga picha, ondoka.

Pangbourne ndipo alipoishi mwandishi Kenneth Grahame mpaka alipofariki mwaka 1932, yule aliyetunga The Wind in the Willows, hadithi ya wanyama wa mtoni. Ukiwa na mtoto anayependa vitabu, msimulie mkiwa hapo hapo ukingoni.

Baada ya msitu tulirudi kijijini, tukatandika khanga kwenye uwanda wa majani kando ya mto Thames. Hotipoti ikafunguliwa: chapati, kuku wa jana, maandazi. Mbele yetu daraja la Whitchurch, magari yanalipa kuvuka, mwenye miguu anapita bure, kwa hiyo watoto walivuka mara sita ili tu "wawakomoe wenye magari." Baba watoto alikula, akajinyoosha, akalala. Ametoka zamu alfajiri, utamlaumu? Binti akamvua viatu taratibu, akamchomeka maua madogo meupe ya majanini kati ya vidole.

Nikakumbuka ule mchoro. Baba bado amelala na miguu iko nje. Lakini leo amelala katikati yetu.

Kilomita nne za kuongea

Jumatatu ya kwanza ya Mei ni sikukuu huku, tukasema twende Windsor. Watu wengi wakisikia Windsor wanaiwaza ngome ya kifalme, na tiketi ya kuingia ndani ni hela ndefu, haiingii kwenye pauni 20 hata kwa kusukuma. Lakini hifadhi kubwa iliyo nyuma ya ngome, Windsor Great Park, unaingia bila kulipa. Kutoka Reading unapanda treni, unabadilisha Slough. Usiende na gari siku ya sikukuu, maegesho yatameza bajeti yako kabla hujafunga mlango.

Kuna barabara imenyooka kama rula, inaitwa Long Walk, kilomita 4 na kidogo kutoka ngomeni mpaka kwenye kilima chenye sanamu ya mfalme George wa Tatu juu ya farasi. Ukishapita lango la katikati unaingia eneo la kulungu. Wako huru, wengi, wanakula majani yao. Usiwasogelee wala kuwalisha, hasa Mei na Juni wanapozaa.

Watoto wakatangulia kuwahesabu kulungu. Sisi tukabaki nyuma, wawili, barabara ndefu, hakuna foleni, hakuna duka, hakuna cha kubishania. Mahali fulani katika kilomita ya pili baba watoto akasema, "Nimechoka na usiku." Nikadhani anazungumzia usiku uliopita. Kumbe anazungumzia miaka minne. Alitaka kuomba zamu ya mchana tangu zamani, lakini ya mchana inalipa pungufu, na tuna kiwanja Kibaha kinachosubiri msingi, na hakutaka nimwone amenyoosha mikono.

Miaka minne, wapenzi wasomaji. Nyumba moja, kitanda kimoja, sikujua. Nikamwambia kiwanja hakikimbii. Ardhi itatusubiri, lakini hawa wanaohesabu kulungu hawatusubiri. Hakujibu. Alinishika mkono, jambo ambalo wanaume wetu hawalifanyi barabarani hivi hivi.

Hatukufika kwenye sanamu. Binti aliishiwa betri, baba akambeba mgongoni, tukageuza.

Uwanja wa mabomu wenye ng'ombe

Mtoko wa mwisho wa msimu ulikuwa wiki ya mwisho ya Mei, shule zikiwa mapumziko: Greenham Common, karibu na mji wa Newbury. Zamani palikuwa uwanja wa ndege za kijeshi. Miaka ya 1980 Wamarekani waliweka hapo makombora ya nyuklia, na kuanzia mwaka 1981 wanawake wakapiga kambi langoni kupinga. Desemba 1982 walikusanyika takriban 30,000, wakashikana mikono kuizunguka kambi nzima. Makombora ya mwisho yaliondoka mwaka 1991, kambi ya wanawake ikafungwa mwaka 2000.

Leo njia ya kurukia ndege imevunjwa. Kuna vichaka vya maua ya njano, ng'ombe wanachunga wenyewe, familia zinatembea. Mnara wa kuongozea ndege umebaki. Kwa mbali unaona vile vilima vya zege vyenye majani juu yalimokaa makombora. Kijana wangu akauliza, "Yaani walishinda kwa kushikana mikono tu?" Baba yake akamwambia, "Na kwa kukaa muda mrefu." Ndege wengi hapo hutaga chini, kwa hiyo machipuko kaa kwenye njia na mbwa afungwe kamba.

Masharti ya mtoko wetu

Kama unataka kuijaribu, haya ndiyo tuliyojifunza:

Pika nyumbani. Kinachoua bajeti huku ni kununua chakula, si nauli. Chupa ya chai na hotipoti vimetuokolea hela nyingi.

Kata kadi ya treni ya familia, ile inayoitwa Family & Friends Railcard. Ni pauni 35 kwa mwaka. Inapunguza theluthi moja kwa wakubwa na asilimia 60 kwa watoto wa miaka 5 hadi 15. Chini ya miaka 5 hawalipi. Haitumiki asubuhi za siku za kazi zenye msongamano.

Angalia siku za kufungua kabla ya kutoka. Makumbusho mengi hufunga Jumatatu, utakuja kulia mlangoni na watoto.

Beba makoti hata jua likiwaka. Jua la Aprili halina msimamo.

Simu zikae kwenye mkoba. Moja tu itoke, ya picha.

Na usijaze ratiba. Sehemu moja, siku moja. Mazungumzo hayaji mkiwa mnakimbilia basi.

Sitawadanganya kwamba sasa sisi ni malaika. Mara mbili tulivuka pauni 20, na mara moja tulinuniana treni nzima kwa sababu ya mwavuli uliosahaulika. Lakini Septemba baba watoto alihamia zamu ya mchana. Mshahara umepungua, kiwanja cha Kibaha bado kina nyasi, na mama mkwe anapata chake chote kila mwezi, maana pauni 186 hatuzichomi tena kwa siku moja.

Hata wewe uliye Dar, Arusha au Nairobi, usiniambie haya ni ya Wazungu. Wewe na mwenzio mna pauni 20 zenu, kwa shilingi zenu, na mahali fulani pa bure mnapopita kila siku bila kushuka. Mara ya mwisho mmetembea pamoja bila kukimbilia kitu ilikuwa lini? Muulize leo, akirudi kazini. Usimuulizie mlangoni lakini. Mpe maji kwanza.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.