Baridi ya Juni isiwafungie watoto ndani

Jumamosi ya Juni mjini Moshi huanza bila mlima. Kibo imefunikwa na wingu tangu juzi, manyunyu yanadondoka, na mtoto ambaye Februari alikuwa hashikiki sasa amejikunja kwenye kochi na simu ya mama yake. Shule zimefungwa kwa likizo ya katikati ya mwaka. Mlango umefungwa, dirisha limefungwa. Katika nyumba nyingi kinachofuata ni jiko la mkaa kuingizwa ndani ili chumba kipate joto.

Hatari ya msimu huu huanzia hapo. Mkaa unaowaka, hata kama hautoi moshi, hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Katika chumba kilichofungwa, gesi hiyo huingia kwenye damu na kuizuia kubeba oksijeni. Mtu huanza kuumwa kichwa, hupata kizunguzungu na kichefuchefu, na aliyelala anaweza asiamke tena. Jiko la mkaa halina nafasi chumbani, hata kwa dakika chache, hata kama mkaa umebaki makaa mekundu tu.

Wazazi huwafungia watoto kwa nia njema, wakiogopa mafua na nimonia. Lakini mafua huletwa na virusi, na virusi husambaa kirahisi zaidi watu wanapobanana kwenye chumba kisichopitisha hewa. Mtoto mzima wa afya, aliyevaa vizuri na anayekimbia nje, hana sababu ya kufungiwa kwa ajili ya ukungu.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa angalau dakika 60 kwa siku za shughuli zinazomfanya ahemee juu juu. Kwa wenye miaka miwili hadi minne, muda wa kukaa mbele ya skrini usizidi saa moja kwa siku, na ukipungua ni bora zaidi. Kuna faida nyingine ambayo wazazi wengi hawaijui: watoto wanaokaa nje zaidi mchana wana uwezekano mdogo wa kupata tatizo la kutoona mbali. Mwanga wa nje, hata siku yenye mawingu, ni mkali kuliko wa sebuleni.

Kwenda wapi bila kuvunja kibubu

*Kihambani kwa bibi.* Familia nyingi za Moshi zina ndugu Kibosho, Uru, Machame, Old Moshi au Rombo. Nauli ya daladala ndiyo gharama kubwa. Kihamba chenyewe ni kama msitu mdogo: juu kuna miti mirefu ya kivuli, chini yake migomba, kisha kahawa, halafu magimbi na maharage. Mwambie mtoto ahesabu ni mimea mingapi inaliwa na mingapi ni dawa au chakula cha ng'ombe. Muulizeni bibi kwa nini isale limepandwa mpakani, na kwa nini mtu aliyekosana na jirani yake hulibeba anapokwenda kuomba msamaha. Kuanzia Julai kahawa huanza kuiva sehemu nyingi, na mtoto wa miaka saba anaweza kusaidia kuchuma zile nyekundu tu.

Baada ya hapo ni michezo. Kombolela ya kujificha migombani haina gharama. Kutengeneza gari kwa mgomba uliokwisha kukatwa kunaweza kumaliza asubuhi nzima. Fuateni mfongo kuelekea unakotoka maji. Mifereji hiyo ilichimbwa na Wachagga wa zamani kuleta maji ya mito ya juu hadi mashambani, na mtoto anayeifuata huelewa kwa miguu yake kwa nini msitu wa juu ukikatwa, bomba na shamba la chini hukauka.

*Msitu wa Rau.* Huu uko kilomita chache tu kutoka katikati ya mji, kwenye tambarare yenye chemchemi, na ndiyo maana hubaki kijani hata kiangazi. Una miti mikubwa ya mvule, na walio na bahati huwaona mbega, nyani wenye manyoya meusi na meupe, wakirukaruka juu. Huku baridi si kali kama mlimani, hivyo unawafaa wenye watoto wadogo. Ni msitu wa hifadhi, kwa hiyo ulizeni utaratibu na kiingilio kabla ya kuondoka nyumbani.

*Marangu na Materuni.* Maporomoko ya Kinukamori yapo Marangu, na yale ya Materuni yako upande wa Uru. Njia zake hupita katikati ya vihamba na makorongo yenye miti. Hapa pia kuna kiingilio, na raia kwa kawaida hulipa pungufu ya mgeni. Ulizeni mapema bei ya mtoto. Kwa familia yenye bajeti ndogo, njia za kijiji peke yake zinatosha kwa siku nzima. Msitu wa juu ulio ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro una ada na taratibu zake, hivyo si mahali pa kujipenyeza kwa njia ya panya.

Kuvaa na kula

Kila mnapopanda mita 100, hewa hupoa kwa takriban nyuzijoto 0.6. Ukitoka mjini hadi lango la Marangu, karibu mita 1,000 juu zaidi, tegemea tofauti ya nyuzi kama sita. Mtoto mdogo hupoteza joto haraka kuliko mtu mzima, na akilowa hupoteza haraka zaidi.

Koti moja zito si lazima. Fulana, shati la mikono mirefu na sweta vinatosha, na juu yake kitu cha kuzuia mvua. Mitumba ya soko la Memorial ina vyote hivyo kwa bei ya kujadiliana. Mtoto akianza kutoka jasho mvue sweta, akisimama mvalishe tena. Bebeni soksi na fulana ya kubadilisha, maana hivyo viwili ndivyo hulowa kwanza. Viatu viwe vya kufunika mguu, kwa sababu ya miiba, siafu na utelezi.

Chakula kitoke nyumbani: magimbi au viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, ndizi mbivu, na chai ya tangawizi kwenye chupa. Anayepata chupa pana ajaze mtori. Maji ya kunywa yabebwe pia, kwa kuwa baridi humfanya mtoto asahau kiu. Taka zote zirudi mjini na mwenye nazo.

Ya kuangalia

Mtoto asiogelee wala kutembea ndani ya maji yaliyotuama au yanayokwenda polepole, hasa mifereji ya mashamba ya mpunga ya tambarare. Huko ndiko konokono wanaobeba kichocho hukaa. Kwenye maporomoko, mwamba uliolowa huteleza, kwa hiyo mkono wa mtoto mdogo usiachwe. Rudini kabla ya magharibi, mbu wa tambarare wasiwakute nje.

Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta, kwa sababu hewa baridi inaweza kumbana. Aliye na homa abaki nyumbani.

Na kila mzazi ajue dalili hii, iwe wiki ya matembezi au la: mtoto mwenye kikohozi anayepumua haraka anaweza kuwa na nimonia. Hesabu pumzi zake kwa dakika moja kamili akiwa ametulia. Zikifika 50 au zaidi kwa mwenye miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa mwenye mwaka mmoja hadi mitano, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kifua kikiingia ndani anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya au kunywa, usisubiri chochote.

Jioni mkirudi, watoto watakuwa na tope magotini na njaa ya kweli. Maji ya kuoga yachemshwe kwa jiko lililo nje, wavae nguo kavu, wale chakula cha moto, kisha walale wawili wawili chini ya blanketi moja na chandarua. Dirisha libaki wazi kidogo. Jiko lilale nje.