Chanjo Isiyokinga: Neno Lifafanuliwe Kabla ya Kushangiliwa

Mwanafunzi wa shule ya upili pale Gakindu, Nyeri, amefundishwa kwamba chanjo hutangulia ugonjwa. Mtoto huchanjwa ili surua isimpate. Je, atamwelewaje mtaalamu anayetafuta chanjo ya kumpa mtu ambaye tayari ana virusi vya UKIMWI?

Nikitazama kwa jicho la isimu, sioni mgongano wowote. Chanjo imetokana na kitenzi chanja, yaani kukata ngozi kidogo. Mganga aliyechanja chale na kupaka dawa alikusudia pengine kukinga, pengine kuponya. Ni zahanati na shule zilizolifunga neno hili katika maana ya kinga peke yake.

Basi chanjo ya tiba hainuii kuzuia virusi visiingie, bali kuufunza mwili upambane navyo vikiwa ndani. Miongoni mwa askari wa mwili zimo seli ziitwazo wauaji asilia, ambazo huangamiza seli zilizoambukizwa pasipo kungoja mafunzo. Maambukizi ya muda mrefu huzidhoofisha. Chanjo yaweza kuziamsha kwa njia mbili: seli nyingine zilizofunzwa nayo hutoa kemikali za kuzichochea, tena kingamwili zikinata juu ya seli yenye virusi, huwa alama ya kumwonyesha muuaji pa kupiga.

Hata hivyo, kuamsha si kuponya, na sisi Wakenya tuna sababu ya kulikumbuka hilo. Mwaka wa 1990 Rais Daniel arap Moi aliitangaza Kemron, dawa iliyotokana na utafiti wa taasisi ya KEMRI. Kiini chake kilikuwa intaferoni, kemikali ambayo kwa kawaida huchochea hizo hizo seli wauaji. Matumaini yalifurika, lakini majaribio yaliyofuata, likiwamo la Uganda, hayakuonyesha manufaa kwa wagonjwa.

Hadi leo hakuna chanjo ya tiba ya UKIMWI iliyoidhinishwa. Mgonjwa asikiaye tu kwamba "chanjo imepatikana" aweza kuacha vidonge vyake, na virusi huchachamaa tena baada ya majuma machache.

Kwa hiyo, mwalimu, habari kama hiyo ikiletwa darasani, wafunze wanafunzi wako kuuliza mambo mawili. Chanjo hiyo ni ya nani: mzima au mwenye virusi? Na je, imezidisha seli katika damu tu, au imevidhibiti virusi bila vidonge? Swali hili la pili halikupewa nafasi ya kutosha mwaka wa 1990, na waliolipia kimya hicho ni wagonjwa.