Acheni Kamati Ikae

Kila ninapoitaja The Stand ya Stephen King mbele ya watu wanaosoma, jibu la kwanza huwa ni unene wake. Ni tofali. Kikikuangukia mguuni utachechemea wiki nzima. Kisha yanafuata maoni matatu, karibu kwa mpangilio uleule: mwanzo ni moto, katikati panachosha, mwisho umeharibiwa. Nimeyasikia kwa wanafunzi wa chuo, kwa mwalimu wa fasihi, na kwa kijana wa vitabu vya mitumba aliyeniuzia nakala yangu, ambaye kusema kweli alikuwa amekisoma kwa makini kuliko wengi wanaokisifia. Nataka kuyapinga, hasa hilo la katikati. Na kwa kuwa kitabu kina zaidi ya miaka 40, sitamfichia mtu kitu. Asiyetaka kujua nani anakufa aishie hapa.

Kisa chenyewe ni rahisi. Virusi vya mafua vilivyotengenezwa na jeshi la Marekani vinatoka kwenye kambi ya siri, na kwa wiki chache vinaua zaidi ya watu 99 katika kila 100. Waliosalia wanaanza kuota. Wengine wanamwota Mama Abagail, bibi mweusi wa miaka 108 anayeishi Nebraska. Wengine wanamwota Randall Flagg, mtu wa giza mwenye tabasamu. Wa bibi wanakusanyika Boulder, Colorado. Wa Flagg wanakwenda Las Vegas. Msomaji anajiandaa kwa vita. Anageuza kurasa akiisubiri, na badala yake anakutana na watu wanaojadili kurudisha umeme, kuzika maiti na nani aandike kumbukumbu za kikao. Hapo ndipo simu inapotolewa mfukoni.

Wanaotaka kitabu kifupi hupenda kusema kwamba mhariri mzuri angekikata. Kilikatwa. Toleo la kwanza, la 1978, lilitoka bila kurasa karibu 400 za muswada, na King ameeleza kwamba amri hiyo ilitoka upande wa uhasibu: kitabu kinene kingekuwa ghali kuliko bei waliyoona mnunuzi angekubali kulipa. Mkasi mnaousifia ulikuwa wa mhasibu. Mwaka 1990 sehemu kubwa ya kurasa hizo ilirudishwa na kitabu kikavuka kurasa 1,100. Sisemi zote zilistahili kurudi. Yule dereva mwendawazimu anayejiita The Kid ningemwacha kabatini. Na kuihamisha hadithi kutoka 1980 hadi 1990 kumetupa vijana wa mwaka mmoja wanaoongea kama kaka zao wakubwa. Lakini hayo ni mambo ya kupunguza kurasa ishirini hapa na thelathini pale. Anayelalamika kwamba katikati panachosha analalamikia kitu kingine kabisa.

Tazama anachokipenda mwanzoni. Anapenda jinsi wakubwa wa jeshi wanavyokanusha ugonjwa huku mitaa inajaa maiti. Anapenda, kwa maana ya kuogopa, jinsi askari wanavyowaua waandishi wa habari wanaojaribu kusema ukweli. Hapo msomaji ana hasira na anajua amkasirikie nani.

Sasa twende Boulder. Watu saba, wema wote, wanaunda kamati ya muda. Stu Redman, Mtexas mpole. Fran, ambaye ni mjamzito. Glen, mzee msomi wa sosholojia, anayejua historia kiasi cha kuogopesha. Nick, kiziwi asiyesema, anayeandika kila neno lake kwenye karatasi, pengine kichwa kizuri kuliko vyote pale. Larry, Ralph na Susan. Kabla ya mkutano mkuu wanakutana faraghani kupanga jinsi watakavyochaguliwa. Siku yenyewe ikifika, mtu mmoja anasimama na kutoa hoja kwamba wote saba wapitishwe kwa pamoja, bila kupoteza muda. Ukumbi unashangilia na hoja inapita. Aliyeitoa ni Harold Lauder, kijana ambaye baadaye anatega bomu kuiua kamati hiyohiyo.

Msomaji wa kwetu hana kisingizio cha kusinzia mahali hapo. Sisi ndio tuliolelewa katika kamati: ya harusi, ya msiba, ya shule, ya jumuiya, ya chama. Tunajua kuna kikao na kuna kikao kabla ya kikao. Tunamjua yule anayesimama nyuma ya ukumbi, aliyepangwa au aliyejipanga, akisema, "Mheshimiwa mwenyekiti, kwa kuokoa muda…" King aliandika tukio hilo kwa subira ya mtu aliyewahi kukaa kwenye kiti cha plastiki akisubiri ajenda ya tatu.

Kisha kamati inaamua kupeleka majasusi Las Vegas. Wananchi hawaambiwi. Mmoja ni jaji mstaafu, mzee wa zaidi ya miaka 70. Mwingine ni Dayna, msichana jasiri. Wa tatu ni Tom Cullen, mtu mzima mwenye ulemavu wa akili, anayewapenda na kuwaamini kama mtoto. Wazo la Tom linatoka kwa Nick, rafiki yake mkubwa. Wanamtia katika usingizi wa hipnosi na kumpandikizia maagizo: arudi mwezi utakapokuwa mpevu, na akionwa na mtu mmoja njiani, amuue. Fran anachukizwa, na hoja inapita hata hivyo. Jaji anauawa. Dayna anajiua ili asilitoe jina la Tom.

Huko Las Vegas Flagg anawasulubisha watu kwenye nguzo, na hakuna anayeuliza hilo ni la kutisha au la. Swali gumu liko Boulder, kwa sababu sababu za kumtuma Tom ni nzuri. Ukizisoma polepole unajikuta unatikisa kichwa kukubali. Jeshi likificha, tunatetemeka. Watu wema wakificha, tunapiga miayo na kusema kitabu ni kirefu. Nashindwa kuelewa tumejifunza wapi kusoma hivyo.

Mwaka 2020 riwaya hii ilianza kutajwa tena kila mahali, na wengi waliitafuta kwa ajili ya mafua yake. King mwenyewe alisema mwezi Machi mwaka huo kwamba korona haikuwa sawa na ugonjwa wa kitabuni, na alisema kweli. Aliyekisoma kitabu kama utabiri wa virusi alikisoma theluthi moja tu. Tanzania iliacha kutangaza idadi ya wagonjwa mwishoni mwa Aprili 2020 na ikakaa zaidi ya mwaka bila kutoa takwimu. Uamuzi wa namna hiyo hautoki maabara. Unatoka chumbani, mezani, kwa watu wanaoaminiana, na pengine kwa nia ambayo wenyewe wanaiona njema. Ukitaka kusoma kuhusu chumba hicho, kurasa zake ndizo hizo unazoziruka.

Kuhusu mwisho sitabishana sana. Ndiyo, Trashcan Man anafika na bomu la nyuklia, na mkono wa moto unashuka kutoka juu na kulilipua. Anayesema ni Mungu kumaliza kazi ya mwandishi ana haki ya kusema hivyo. Mimi mwenyewe ningependa Las Vegas ianguke kwa ubovu wake wa ndani, ambao tayari ulikuwa unaonekana. Lakini mlipuko si mwisho wa kitabu. Baada yake Stu, mguu umevunjika, anarudi nyumbani kupita theluji akiwa na Tom yuleyule na mbwa. Anaukuta mji umejaa wageni, na mkuu wa usalama anataka wasaidizi wake wabebe bunduki. Stu na Fran wanamchukua mtoto na kuondoka. Ni watu wawili walioijenga kamati kwa mikono yao, wanaihama. Anayekumbuka mkono wa moto akasahau gari hilo linaloondoka amekumbuka fataki.

Kuna malalamiko ambayo ningefurahi kuyasikia zaidi kuliko hilo la urefu. Kwa nini Mama Abagail, baada ya miaka 108 ya kuishi, hana kazi nyingine ila kuwaonyesha Wamarekani weupe njia na kufa? Tunapewa kumbukumbu zake za ujana, nzuri kweli, za msichana anayepiga gitaa mbele ya ukumbi wa wazungu, halafu maisha hayo yote yanakunjwa na kuwa daraja la wengine. Na sisi wengine tulifia wapi? Mwanzoni jenerali mmoja anatoa amri virusi vipelekwe pia ng'ambo, kwa mawakala ambao hata hawajui wamebeba nini, ili Marekani isijulikane kuwa chanzo. Dunia nzima inauawa kwa kurasa chache, na katika kurasa 1,100 hakuna anayesimama kuuliza habari zake. Hapo ndipo ningesema kitabu ni kifupi.

Toleo la 1990 lina ukurasa wa ziada mwishoni kabisa. Flagg anazinduka kwenye ufuko wa nchi ya joto, chini ya minazi, mbele ya watu wa rangi ya maji ya kunde wenye mikuki. Anajipa jina jipya na kuwaambia amekuja kuwafundisha ustaarabu. Wanapiga magoti. Nilipofika hapo niliinua macho nikamtazama yule kijana wa mitumba, maana nilikuwa nimerudi kwake kutafuta kitabu kingine. Nilimuuliza kama alifika ukurasa huo. Akasema alifika, na kwamba alitaka kumuuliza mwandishi ni nani aliyemwambia wangepiga magoti.