Eti kwantamu haina kazi? Toa flashi yako tuongee

Haya wadau, nimevumilia wiki nzima, leo nasema.

Kuna hoja inazunguka hapa hosteli, hasa kwa wenzangu wa umeme: eti somo la kwantamu lifutwe, wabaki nalo watu wa fizikia. "Bongo hakuna kiwanda cha chipu, tunakesha nalo la nini?" Jamani! Na anayesema hivyo ana flashi shingoni imejaa madesa.

Tuanze na hiyo flashi. Ndani yake chaji inatunzwa kwenye vijisehemu vidogo mno vilivyozungukwa na kizio. Elektroni haina mlango wa kuingilia. Kwa fizikia ya fomu siksi, ikikosa nishati ya kuruka ukuta inarudi ilikotoka, basi. Lakini elektroni ni wimbi pia, na wimbi halikatiki ghafla ukutani, linafifia taratibu. Ukuta ukiwa wa nanomita 8 hivi, ukaubana kwa volti kama 20, baadhi ya elektroni zinatokea upande wa pili. Hapo ndipo desa lako limeandikwa! Ukilifuta, zinapenya kurudi. Na kila safari inauchakaza ukuta kidogo, ndiyo maana flashi ikiandikwa sana inakufa.

Haina kazi, eh?

Kupenya huko huko ni adui pia. Transista zilipozidi kupunguzwa, kizio cha geti kikafika nanomita 1.2, umeme ukawa unavuja humo na kupotea bure. Mwaka 2007 Intel ikaanza kutoa chipu zenye kizio cha hafniamu, kinene zaidi lakini geti haipotezi nguvu. Asiyejua kwantamu angekuwa bado anatafuta waya uliolegea.

Halafu kompyuta za kwantamu. Kuna zinazotunza taarifa kwenye spini ya elektroni moja ndani ya silikoni. Tatizo, karibu asilimia 4.7 ya silikoni ya kawaida ni silikoni-29, ambayo viini vyake ni kama visumaku vidogo. Vinaisumbua elektroni mpaka hali yake ya kwantamu inavurugika. Dawa yake ni kuisafisha silikoni ibaki silikoni-28 karibu tupu. Hiyo ni kazi ya mikono na mitambo bana, siyo falsafa.

Sasa "hatuna kiwanda". Mwaka 1957, miaka 12 tu baada ya vita, Leo Esaki alikuwa kwenye kampuni ya redio Tokyo, ambayo leo ndiyo Sony. Akapima dayodi zilizotiwa chembe ngeni nyingi mno, akaona kituko: volti zinapanda, umeme unashuka. Fundi wa kukariri angezitupa kama mbovu. Yeye alijua elektroni zinapenya. Mwaka 1973 akapata Nobel.

Nakubali jambo moja: linavyofundishwa linaudhi. Tunakariri ukuta wa mstatili, tunautapika kwenye mtihani, hakuna anayetaja flashi. Basi tudai hilo! Tudai dayodi mezani na mita ya kupimia. Lakini kudai somo lifutwe ni kuomba wenyewe tubaki wanunuzi wa vitu vya wenzetu milele, halafu tulalamike kwamba hatuna kiwanda.

Mwenye hoja ya kunipinga aje nayo, ila aje na hesabu. Tupo pamoja.